Mita ya Kusikiliza

Osaka, 10 Juni 2018

Baba, shikamoo.

U hali gani huko Okaya? Hapa mvua za Juni zimeshaanza, nguo hazikauki, na mimi ni mzima ila kikohozi kidogo tu. Natumaini goti limetulia, na kwamba unapika, si kumwagia tambi maji ya moto kila siku ukaita chakula. Naandika kwa herufi kubwa kama daftari la darasa la kwanza. Usinicheke.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeisoma nikairudia. Ukurasa mzima uliandika habari za paka wa jirani, halafu mistari miwili tu juu ya macho. Lakini hiyo miwili ndiyo niliyoishika: kwamba daktari amesema presha ya macho imekula kilichokuwepo na hakitarudi, kwamba mshale wa mita ya kupimia umeme huuoni tena bila kuuegemea na pua, na kwamba unafikiria kufunga karakana ya redio. Karakana ile, baba! Tangu mama atutoke, ndiyo inayokuamsha asubuhi. Ukiifunga utakaa unafanya nini, unagombana na paka?

Sasa nisikilize. Kazini nachora bodi za saketi za watu wengine kutwa kucha: za mizani, za mashine za wali, za milango ya treni. Nataka nichore moja yetu. Itakuwa ndogo, ya kuenea kiganjani, na katikati itakaa chipu moja ambayo ndiyo akili yake. Pembeni nitaacha mahali pa kuchomeka vipande vingine. Leo unapima volti, unachomeka kipande cha volti. Kesho unapima kapasita, unabadilisha kipande, akili ni ileile. Skrini haitakuwa nayo. Itakuwa na spika. Mita hiyo hutaitazama, utaisikiliza.

Niambie tu unataka iweje. Kitufe kikae wapi, nyaya ziwe na urefu gani, sauti ya namna gani. Wewe ndiye fundi, mimi mchoraji tu.

Bintiyo,
Chinami

*

Okaya, 24 Juni 2018

Mwanangu Chinami,

Marahaba. Barua imefika na mimi ni mzima wa afya. Goti linapiga kelele mvua ikikaribia, kwa hiyo huku sihitaji redio ya hali ya hewa. Kikohozi chako ukinywee tangawizi, na uache kulala nywele zikiwa mbichi. Mama yako alikukataza hilo tangu mdogo, ukawa husikii.

Kuhusu macho usihangaike. Mtu wa miaka sabini na minne akilalamika kuhusu macho ni kama gari la zamani kulalamika kuhusu rangi. Kazi bado inakuja kidogo kidogo. Juzi Bibi Hirabayashi wa ng'ambo ya mto ameniletea redio ya zamani ya valvu za kioo, ya marehemu mumewe. Anasema inakoroma kama marehemu mwenyewe. Nimemwambia basi ina thamani zaidi hivyo ilivyo, akanipiga na kitambaa cha mkono.

Hiyo bodi usijisumbue, una kazi nyingi. Lakini kama umeshaanza, chochote utakachotengeneza kitanifaa. Sina cha kuchagua. Wewe unajua mambo ya siku hizi.

Babako

*

Osaka, 9 Septemba 2018

Baba, shikamoo.

Joto la mwaka huu limetutoa roho, lakini bado tunapumua. Huku kimbunga kilipita na kung'oa mabati, nyumba yangu ni salama. Wewe je? Bado unaweza kuvuka barabara ya kwenda dukani peke yako? Nijibu kweli, si "usihangaike".

"Chochote kitanifaa." Baba, hilo si jibu la fundi! Mteja wangu akinijibu hivyo namfukuza. Basi nimeamua mwenyewe, na lawama nitabeba mwenyewe.

Bodi ya kwanza nimeitupa. Tundu la kuchomekea nililichora nikiliangalia kwa juu, kumbe kipande chenyewe kinakaa chini ya bodi, kwa hiyo miguu yote imekaa kinyume, wa kulia kushoto. Kosa la mwanafunzi! Kiwanda cha Shenzhen kimenitengenezea kosa langu vizuri sana, linang'aa. Mwenzangu wa meza ya pili ameomba moja awekee kikombe.

Ya pili ndiyo hii ndani ya kifurushi. Nimeiweka kwenye kiboksi cha bati chenye kitufe kimoja cha kuzungusha. Volti zikiwa chache inatoa sauti nene. Kadiri zinavyopanda, sauti inazidi kuwa nyembamba. Volti hatari kabisa zinapiga mluzi mwembamba, mkali, unaotoboa. Nimefanya hivyo makusudi, ili ukiusikia uondoe mkono upesi. Pasipo na umeme inanyamaza, isikuchoshe.

Itumie wiki chache, halafu niandikie kasoro zote. Zote, baba. Usinionee haya.

Bintiyo,
Chinami

*

Okaya, 14 Oktoba 2018

Mwanangu Chinami,

Marahaba. Kifurushi kimefika bila mkunjo. Asubuhi sasa kuna ubaridi, milima imeanza kuwa myekundu, ndivyo wanavyoniambia wapita njia. Afya yangu nzuri. Barabara ya dukani naivuka na fimbo, na madereva wa hapa wana adabu kuliko wa kwenu.

Mita yako nimeitumia. Kazi safi sana. Kiboksi kimekaa vizuri mkononi, lehemu yako haina hata tone lililozidi, nimeipapasa yote kwa kidole. Sikutegemea. Umechoka kwa ajili yangu, na mimi sina cha kukulipa zaidi ya ahsante. Nimeiweka kwanza mbele ya picha ya mama yako siku nzima, aione, ndipo nikaanza kazi.

Kasoro sijaona hata moja.

Babako

*

Osaka, 4 Novemba 2018

Baba yangu, shikamoo!

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye treni, nikatabasamu peke yangu mpaka mama mmoja akahama kiti. Hujawahi kunisifu hivyo. Hata nilipofaulu chuo ulisema, "Haya, kula."

Nina habari. Kuna chama cha mafundi na wapenda redio wasioona, kiko hukohuko mkoani kwako. Mwenyekiti wake ni Bwana Momose, wa Matsumoto. Nilimwandikia habari za bodi yetu, nikamwambia baba yangu ni fundi wa redio za valvu kwa miaka yote na ameijaribu, hajaona kasoro. Amefurahi kupita kiasi! Wanachama thelathini wanaitaka. Wengine waliacha ufundi zamani kwa sababu hakuna mita wanayoweza kuisoma. Nimempelekea moja ya mfano aishike, na mwezi wa kwanza nitaagiza kiwandani thelathini.

Kwa hiyo nakuuliza mara ya mwisho kabla sijaagiza. Kweli hakuna kasoro? Wewe ndiye mtu pekee aliyeitumia kwenye kazi halisi. Wao wataamini neno lako.

Umeshaweka majani ya mboga ya nozawana kwenye pipa la chumvi? Nakumbuka mwaka jana yalinifikia yakiwa bado na barafu. Nayasubiri.

Bintiyo,
Chinami

*

Okaya, 16 Desemba 2018

Chinami,

Samahani kwa kuchelewa, na samahani kwa mwandiko. Baridi imebana, vidole ni vizito.

Mimi sijambo. Majani ya nozawana mwaka huu sikuyaweka. Redio ya Bibi Hirabayashi nimemrudishia.

Mita ni nzuri. Agiza tu.

Babako

*

Osaka, 20 Januari 2019

Baba,

Shikamoo. Mwaka mpya ulinikuta kazini, sikuweza kuja, nisamehe. Mimi ni mzima. Hali yako sikuulizi kwa kawaida leo. Nakuuliza kweli, na utaona kwa nini.

Jumatano Bwana Momose alinipigia simu. Yule mzee hana maneno ya kuzunguka. "Binti," akasema, "mita yako imekufa. Volti hamsini inasema, mia inasema, ikifika mia tatu kimya." Nikamwambia haiwezekani, mia tatu ndipo inapopiga mluzi kuliko popote. Akasema, "Kimya kabisa, mimi siyo mwongo." Pale pale nikasikia mkamwana wake anapiga kelele kutoka jikoni: "Baba, zima hicho kidude, kinatutoboa masikio!"

Simu nusura initoke mkononi. Mita haikufa. Ilikuwa inapiga mluzi, nyumba nzima inaisikia, isipokuwa yeye. Ana miaka sabini na miwili. Masikio yakizeeka, sauti nyembamba ndiyo ya kwanza kuondoka, na hilo linafundishwa shuleni! Mimi nilipanga sauti kwa masikio yangu, ya mtu wa thelathini na moja. Nimetengeneza mita ambayo kadiri hatari inavyokuwa kubwa ndivyo mzee anavyozidi kutoisikia. Na pasipo umeme nimeiambia inyamaze. Kwa hiyo mzee akisikia kimya, anaweza kuwa hana kitu mbele yake, au ana mauti.

Na wewe, baba, una miaka sabini na minne. Redio za valvu hazina hata moja isiyopita volti mia mbili. Uliniandikia kwamba umeitumia na hukuona hata kasoro moja. Ama hukuiwasha kabisa, ama umenidanganya. Nimekaa na hayo mawili, sijui lipi lina nafuu.

Kisha nimetoa barua yako ya Desemba nikaitazama vizuri. Ule si mwandiko wa baridi. Umeandika kwa mkono wa kushoto.

Mkono wako wa kulia una nini?

Chinami

*

Osaka, 17 Februari 2019

Baba, shikamoo.

Natumaini u salama. Simu hupokei. Wa dukani nimempigia, ananiambia unakuja kununua tofu kama kawaida, basi angalau najua uko hai.

Oda ya kiwandani nimeisimamisha. Bwana Momose nimemweleza kila kitu, na kwamba kosa ni langu. Akaniuliza, "Na baba yako hakusikia?" Watu thelathini wanasubiri, baba. Kama nisingempelekea ile ya mfano, ningewapelekea mauti nyumbani kwao kwenye kiboksi cha bati, na barua juu yake inayosema baba yangu, fundi Isogai wa Okaya, ameithibitisha.

Sikugombezi. Naogopa. Wahenga wamesema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilio chako sitaki kukisikia kwa jirani.

Sitagusa tena bodi hii mpaka uniandikie.

Bintiyo

*

Okaya, 10 Machi 2019

Mwanangu Chinami,

Marahaba. Barafu ya ziwani imeondoka na mimi nipo. Barua hii nimeiandika kwa siku kadhaa, naweka rula chini ya kila mstari, usishangae ikipanda milima.

Umeniuliza lipi kati ya mawili. Nilikudanganya.

Siku ile ile ya kwanza nilijua. Niliigusisha kwenye redio ya Bibi Hirabayashi, kimya. Nikachukua mita yangu ya zamani, nikaiegemea na pua na kioo cha kukuzia, nikaona mshale uko juu. Nikarudia na yako. Kimya. Dereva wa posta alikuwa mlangoni, kijana, akasema, "Mzee, hicho king'ora cha nini?" Hapo nikaelewa. Siyo mita, ni mimi. Macho yamekwenda, na masikio nayo yameanza kufunga virago. Nilikaa kwenye kiti nikaona aibu kama mtu aliyejikojolea mbele za watu.

Ningekuandikiaje? Mtoto ametumia mapumziko yake yote, amemtengenezea babake kitu cha kusikiliza kwa sababu haoni, halafu babake amjibu, "Na kusikia pia sisikii"? Ungeanza kunitafutia nyumba ya wazee siku hiyo hiyo. Halafu kuna malezi yetu. Mtu akikuletea zawadi hukai ukamhesabia kasoro. Unasema ahsante, kazi nzuri. Mimi nimesema hivyo maisha yangu yote, mdomo unasema wenyewe.

Nikajiambia nitakumbuka tu. Sauti nene niamini, kimya nisiamini. Na nilikumbuka, mpaka siku nilipochoka.

Mwezi wa kumi na moja, ile ile redio. Nimechomoa waya ukutani, lakini unajua kapasita kubwa inabaki na umeme tumboni hata redio ikiwa imezimwa. Nikagusisha mita yako. Kimya. Sikuwa na wazo lolote baya kichwani, nilikuwa nafikiria supu. Nikaingiza mkono.

Ilinirusha mpaka kwenye rafu, mwanangu. Nilipopata fahamu niko chini, birika linachemka juu ya jiko, na nilifurahi sana kulisikia. Vidole viwili vya mkono wa kulia viliungua. Kimoja kimepona, kingine hakina hisia, nikikigusa ni kama nagusa cha mtu mwingine. Daktari nilimwambia ni mafuta ya kukaangia. Hata yeye nilimdanganya, maana nilishaanza.

Na baada ya hayo bado nikakuandikia "Agiza tu". Hilo ndilo linaloniuma. Si mkono. Nilijua wale thelathini wapo, na wengi ni wazee kama mimi. Nikajipa moyo eti wao masikio yao huenda ni mazima. Ulipoandika kwamba ulitumia jina langu, nilikunja barua nikaiweka mbali kama imeniungua.

Sasa kasoro, ulizoniomba tangu Septemba. Sauti nimeshasema. Kitufe chako ni laini pande zote, sijui kimeelekea wapi mpaka nikihesabu kuanzia mwanzo. Kikate upande mmoja nikipapase. Nyaya ni fupi, zinanilazimu kuweka uso juu ya redio. Kiboksi kinateleza mezani, kitie mpira chini. Na tundu la kipande cha volti linafanana kabisa na la kapasita. Asiyeona atachomeka kinyume, na atakufa akiwa anajiamini.

Ukikasirika una haki. Lakini usiache hii bodi.

Babako

*

Osaka, 24 Machi 2019

Baba yangu, shikamoo.

Nimelia, nimekutukana peke yangu jikoni, nimemaliza. Kuhusu daktari, kesho nampigia mwenyewe namwambia ukweli, na wewe barua hii ikifika tu utakwenda akutazame moyo. Hilo halina mjadala.

Masikio si aibu. Aibu ni yangu mimi niliyesoma.

Kwenye kifurushi hiki kuna bodi ya pili ileile, lakini nimeibadilishia programu. Leo haipimi umeme. Inakupima wewe. Ukizungusha kitufe inatoa sauti moja nene, kila hatua inazidi kuwa nyembamba kidogo. Kitufe nimekikata upande kama ulivyosema. Hesabu hatua mpaka sauti inapokupotea, uniandikie ni ya ngapi. Ipime kila sikio. Bwana Momose na wenzake wanafanya hivyo hivyo, na wamelifanya mashindano, mmoja mwenye miaka themanini anawatambia wote.

Usinitajie hatua ya kunifurahisha, baba. Ukinidanganya hapa nitachora bodi juu ya uongo.

Bintiyo,
Chinami

*

Okaya, 31 Machi 2019

Chinami,

Marahaba. Daktari amenitazama, moyo uko mahali pake. Amenisema kweli kweli, na wewe nadhani ulimchochea.

Sikio la kulia, hatua ya tisa. La kushoto, ya saba. Nilirudia nikitumaini itakuwa ya kumi. Ni ya saba.

Babako

*

Osaka, 26 Mei 2019

Baba, shikamoo.

Hamjambo wewe na paka? Mimi sijambo, nimekonda kidogo kwa kazi, usianze.

Bodi mpya hiyo hapo. Nimeigeuza juu chini. Sasa volti zikizidi, sauti inazidi kuwa nene, na zile za kuua zinanguruma na kiboksi chenyewe kinatetemeka mezani, ili hata asiyesikia ahisi kwa mkono. Sauti nyembamba kuliko hatua ya saba ya sikio lako haimo kabisa. Na hainyamazi tena. Pasipo umeme inagonga polepole, tik, tik, maana yake, "nipo, na hapa hakuna kitu". Ikinyamaza ujue ni mbovu, usiguse. Matundu mawili sasa yana maumbo tofauti, huwezi kukosea hata ukitaka. Nyaya ndefu. Mpira chini.

Wale thelathini wanangoja neno moja tu kutoka kwako. Nimewaambia safari hii fundi Isogai atasema kweli.

Bintiyo,
Chinami

*

Okaya, 23 Juni 2019

Mwanangu Chinami,

Marahaba. Mvua imeanza tena, goti linalijua hilo. Nala vizuri. Jana nimechemsha tambi za ngano nyeusi mwenyewe, zikanishikana kidogo.

Nimeipima bodi yako kwa kila njia ninayoijua. Nimewaita watu wanifiche namba ya volti, nami nikabashiri kwa sauti tu, na sikukosea hata mara moja. Kwenye volti mia tatu ilinguruma nikaisikia nikiwa nje ya mlango. Nimejaribu kuchomeka kipande kinyume kwa makusudi, kikakataa. Nimetafuta kasoro kwa ubaya, kama mtu anayetafuta ugomvi, na nimekosa. Waagizie wenzangu thelathini. Andika jina langu juu yake, safari hii linastahili kuwepo.

Lakini mimi siitumii.

Nimejaribu, mwanangu. Naiwasha, nasikia tik, tik, najua kabisa hapo hakuna umeme, mita inasema kweli na mimi naiamini. Halafu nanyoosha mkono, na mkono unakataa. Unairudisha bisibisi mezani. Si uzee huo, ni woga. Nimekaa hivyo mbele ya redio iliyozimwa asubuhi nzima, sijaweza kugusa. Juzi nimewarudishia watu redio zao zote, na kibao cha karakana nimekishusha mlangoni.

Ningeweza kukuandikia kwamba naitumia kila siku, ungefurahi, na usingejua kamwe. Kalamu ilishaanza kuandika hivyo, nikaichana ile karatasi.

Kazi uliyoifanya ni nzuri, na haikuniokolea karakana. Yote mawili ni kweli. Sasa asubuhi naamka sina pa kwenda, na nyumba ni kubwa. Kama unaweza kupata siku chache, njoo ukae na mimi. Nakuhitaji.

Babako